Nimelipa miezi 9, deni liko palepale

Wasomaji wetu wanaoishi Marekani wameandika sana mwezi huu kuhusu mikopo ya haraka: ile ya kusubiri mshahara na ile ya kuweka gari rehani. Nyumbani Tanzania watu wanaiita kausha damu, na sijaona jina linaloifaa zaidi. Nimechagua barua 3. Mimi sasa nakaa kwenye kaunta ya chama cha akiba na mikopo hapa Georgia, lakini kabla ya hapo nilikuwa nakata kuku kiwandani Gainesville, zamu ya usiku, na mwaka 2013 nami niliweka gari langu rehani. Kwa hiyo sehemu ya majibu haya nimeyajua kazini, na sehemu nyingine nimeyajua kwa kuyalipia.

Shikamoo mama. Nilikulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na sasa naishi Clarkston, Georgia, na mume wangu na watoto 3. Mwaka jana mume aliumia mgongo akakaa bila kazi, kodi ya nyumba ikatushinda. Duka moja la barabarani likanipa dola 1,000, wakachukua taito ya gari letu, yaani hati ya umiliki, pamoja na ufunguo wa akiba. Gari ni Toyota ya 2012, fundi anasema halikosi dola 5,000. Miezi 3 ya kwanza nililipa dola 250 kila mwezi, na tangu hapo nalipa 125. Huu ni mwezi wa 9. Wiki iliyopita niliuliza nimebakiza ngapi, yule dada wa dukani akasema elfu moja. Nikadhani hajaelewa Kiingereza changu, nikamwomba aandike. Akaandika 1,000. Mama, hawa wananiibia? Na nikiacha kulipa, nitafungwa? (Mama Watoto, Clarkston)

Marahaba mwanangu, na pole sana. Alikuelewa vizuri.

Toa risiti zako zote 9 uzipange mezani, ya kwanza mpaka ya mwisho. Tafuta kwenye kila moja mstari wa ada ya mwezi na mstari wa kiasi ulichokopa. Ada utaona imeshuka kutoka 250 hadi 125. Mstari wa pili hausogei: 1,000, 1,000, 1,000, risiti zote. Umelipa 250 mara 3, ni 750. Umelipa 125 mara 6, ni 750 nyingine. Jumla dola 1,500 kwa mkopo wa dola 1,000, na hakuna hata senti moja iliyogusa deni lenyewe. Kila ulipokwenda na pesa pale ulikuwa unanunua siku 30 nyingine za kuendelea kuendesha gari lako mwenyewe. Ukiendelea hivyo hivyo miaka 5, mwaka wa 5 utaambiwa elfu moja.

Kwenye swali lako la kwanza nitakujibu ukweli ingawa unauma. Kwa hesabu ulizonipa, duka hilo halijavunja sheria ya Georgia. Jimbo hili lilipiga marufuku mikopo ya kusubiri mshahara mwaka 2004, na likajisifu kwa hilo, lakini gari likawekwa upande mwingine kabisa. Karatasi uliyosaini haiitwi mkopo, inaitwa rehani, sawa na mtu anayepeleka mkufu wa dhahabu kwa mweka rehani. Sheria ya rehani inaruhusu ada ya asilimia 25 kwa mwezi katika siku 90 za mwanzo, na asilimia 12.5 kwa mwezi baada ya hapo. Zijumlishe kwa mwaka upate asilimia 187.5. Tofauti ni kwamba mkufu unabaki kabatini kwa mweka rehani, wewe ukiusahau umeusahau. Gari unaondoka nalo, unalitegemea kufika kazini, na ndiyo maana utalipa chochote wasije kulichukua. Biashara yote imejengwa juu ya hofu hiyo.

Inaniudhi zaidi nikijua kwamba wewe huyo huyo, na gari hilo hilo, ungekuwa Illinois usingepewa karatasi hiyo. Kule tangu Machi 2021 mkopo wa namna hii hauruhusiwi kuzidi asilimia 36 kwa mwaka, wa gari ukiwemo. Colorado mwaka 2018 na Nebraska mwaka 2020 wananchi wenyewe walipiga kura wakaweka kikomo hicho hicho cha 36 kwa mikopo ya kusubiri mshahara. Hakuna kikomo kimoja cha nchi nzima kwa raia wa kawaida. Kwa hiyo ndugu zetu wanaohama jimbo moja kwenda jingine kufuata kazi, msidhani sheria mliyoizoea imehama nanyi.

Swali la pili: hapana, hufungwi. Deni ni jambo la madai, si la jinai, na kwa rehani ya Georgia hata kudaiwa zaidi ya gari lenyewe hakupo. Wakishalitwaa hawawezi kukupeleka mahakamani kudai salio. Lakini usikilize vizuri upande wa pili wa jambo hili, maana ndio unaowaumiza watu. Siku ya kulipa ikipita, wanaweza kuja kulivuta gari, mara nyingi alfajiri, bila kupitia kwa hakimu. Hawaruhusiwi kutumia nguvu, kukutisha, wala kuvunja gereji iliyofungwa. Sheria inakupa muhula wa siku 30 baada ya tarehe ya mwisho, na ndani ya siku hizo bado una haki ya kulikomboa kwa kulipa deni lote, ada zinazodaiwa, na nyongeza isiyozidi asilimia 12.5 ya deni. Siku 30 zikiisha, gari ni lao. Wakiliuza dola 5,000 kwa deni lako la 1,000, zile 4,000 hawakurudishii. Majimbo mengi mkopeshaji angelazimika kukurudishia kilichozidi. Kwetu hapa halazimiki.

Kwa hiyo usiache kulipa ghafla wiki hii kwa hasira. Kwanza tafuta pesa ya bei nafuu ya kulikomboa gari, kisha uondoke pale moja kwa moja.

Mahali pa kwanza ninapokutuma ni chama cha akiba na mikopo chenye leseni ya shirikisho. Vyama hivyo vinaruhusiwa kutoa mkopo mdogo unaoitwa kwa herufi 3, PAL. Ukifika kaunta taja herufi hizo tu. Si kila chama kinautoa, kwa hiyo piga simu kabla ya kupanda basi. Aina ya kwanza ilianza 2010: dola 200 hadi 1,000, na lazima uwe mwanachama angalau mwezi mmoja. Aina ya pili ilikuja mwishoni mwa 2019: inafika dola 2,000, unaweza kulipa hadi miezi 12, na huhitaji kusubiri, unaweza kujiunga leo ukaomba leo. Riba haizidi asilimia 28 kwa mwaka na ada ya maombi haizidi dola 20. Nimekupigia hesabu: dola 1,000 kwa riba hiyo, ukilipa miezi 12, ni chini ya dola 97 kwa mwezi. Jumla kama dola 1,158. Mwanangu, wewe sasa hivi unalipa 125 kila mwezi na deni halitikisiki. Hapa utalipa 97 na mwezi wa 12 limekwisha.

Chama kikikataa, usikate tamaa. Rudi dukani uwaambie unataka kulipa ada ya mwezi pamoja na kitu juu yake, na kile cha juu kipunguze deni, na uone kimeandikwa hivyo kwenye risiti kabla hujaondoka kwenye dirisha. Ukiweza 325 mwezi huu, 125 ni ada na 200 inakata deni, linabaki 800. Mwezi ujao ada ni 100, si 125. Mzigo unaanza kupungua wenyewe. Kwa 325 kila mwezi, mwezi wa 5 utabaki na kama dola 42 za kumalizia. Najua 325 si pesa ndogo kwenye nyumba yenye watoto 3 na mgonjwa. Hata 160 inasogeza, mradi mstari ule wa pili wa risiti usogee.

Na upeleke karatasi yako kwa Atlanta Legal Aid. Ni mawakili wa msaada wa bure kwa wenye kipato kidogo, na kaunti yenu ya DeKalb wanaihudumia. Omba mkalimani wa Kiswahili, usimpeleke mtoto akutafsirie. Waangalie tarehe na ada zote. Duka likitoza zaidi ya kile sheria inachoruhusu, mazungumzo yanabadilika.

Nikuambie yangu kwa ufupi. Nilichukua dola 600 kwa Nissan yangu. Nililipa 150 mara 3, kisha 75 mara 2, jumla 600 kamili, na bado nikadaiwa 600. Nililala roho juu kila nikisikia lori nje. Sikumwambia mtu yeyote, kwa sababu niliona aibu, mimi niliyekuwa natuma pesa Tanga kila mwezi wakidhani huku mambo ni mazuri. Mwisho nikamwambia mama mmoja wa Kikongo tuliyekuwa tunasimama naye kwenye mkanda wa kuku. Wiki hiyo hiyo wakaanzisha upatu, wanawake 7 pamoja nami, dola 100 kila mmoja kila wiki, na zamu ya kwanza wakanipa mimi. Wenzangu 6 walinihesabia noti za ishirini ishirini kwenye chumba cha kubadilishia nguo, glovu za mpira tumezibana kwapani.

Dukani, yule kijana aligeuka ukutani kuchukua ufunguo wangu. Ukuta mzima ulikuwa funguo za watu, kwenye misumari, kila mmoja na kikaratasi chenye namba. Nyingine zilikuwa na vidoli vya watoto, na moja ilikuwa na tasbihi. Sijaisahau ile tasbihi. Hakikisha unatoka na vitu 3 mkononi: taito, ufunguo, na karatasi inayosema deni limelipwa lote. Kama jina la duka limeandikwa kwenye taito kama mdai, wadai karatasi ya kuliondoa, ama sivyo utakuja kukwama siku ya kuliuza gari.

Habari za kazi, dada. Mimi ni mtu wa Mombasa, napakia mizigo uwanja wa ndege, naishi Dallas. Nilikopa dola 500 kwenye duka la mikopo ya mshahara hapa mjini, nikawapa namba ya akaunti yangu. Kila wiki 2 wanakata dola 110 za kurefusha muda wa deni. Wamekata mara 6. Mara ya 7 akaunti ilikuwa tupu, wakajaribu mara 3 ndani ya siku chache, na benki ikanitoza dola 35 kila walipojaribu. Sasa kuna mtu ananipigia simu anasema polisi watanifuata kazini. Nimeanza kuogopa hata kwenda kazini, nafikiria watanirudisha Kenya. Nifanye nini? (Mpakiaji, Dallas)

Kaka yangu, nenda kazini. Hakuna polisi anayekuja kwa sababu ya mkopo wa mshahara ambao hukuweza kulipa. Sheria ya Texas inawakataza wenye maduka hayo kukutishia kesi ya jinai kwa sababu ya kutolipa, labda kama ungekuwa umeghushi au umetapeli, na wewe hukufanya hivyo. Mtu huyo akipiga tena, andika tarehe, saa, namba na maneno aliyosema kama alivyoyasema, hata kwenye mgongo wa bahasha. Hiyo karatasi ni ushahidi. Jambo moja tu usilipuuze: ukipokea karatasi halisi kutoka mahakamani, ifungue, na ufike siku uliyopangiwa. Ni kesi ya madai, lakini asiyefika hushindwa bila kusikilizwa, na hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu.

Leo hii, kabla ya mshahara wako ujao, nenda benki uwaambie umeondoa ruhusa ya duka hilo kukata pesa na unataka malipo hayo yazuiwe. Una haki hiyo kwa sheria ya shirikisho. Fanya angalau siku 3 za kazi kabla ya tarehe ya kukatwa. Ukisema kwa mdomo, benki inaweza kukudai uandike ndani ya siku 14, kwa hiyo andika kabisa siku hiyo hiyo ubaki na nakala. Duka nalo liandikie hivyo hivyo. Haimaanishi deni limefutika, la hasha. Inamaanisha kodi na chakula vinatoka kwanza, kisha wewe ndiye unayeamua lini unawalipa.

Kuhusu kujaribu mara 3: kuna kanuni ya CFPB, ofisi ya shirikisho inayolinda watumiaji wa huduma za fedha, inayosema mkopeshaji akijaribu kukata mara 2 mfululizo akakosa, haruhusiwi kujaribu tena mpaka umpe ruhusa mpya. Ilianza kazi tarehe 30 Machi 2025. Nakuambia pia kwamba siku hizo hizo ofisi hiyo ilitangaza kuwa kuwabana wakopeshaji kwa kanuni hiyo si kipaumbele chake, na mimi naona huo ni uamuzi mbaya kwa watu kama wewe. Kanuni hata hivyo ipo kwenye maandishi. Itaje kwenye barua yako, na uombe benki irudishe zile dola 35 za jaribio la 3 angalau. Mara nyingine hurudisha mteja akiomba kwa utaratibu.

Sasa deni lenyewe. Umelipa 660 na bado unadaiwa 500. Dola 22 kwa kila 100, mara 26 kwa mwaka, ni asilimia 572. Texas inawezekana kwa sababu anayekukopesha kwa jina anatoza riba ndogo tu, halafu duka linajiita wakala na kutoza ada ya uwakala, na jimbo halijaweka kikomo cha ada hiyo. Ila wewe una bahati ya mji. Dallas ilipitisha sheria yake mwaka 2011, ya kwanza Texas: mkopo usizidi asilimia 20 ya mapato yako ya mwezi kabla ya makato, usirefushwe zaidi ya mara 3, na kila malipo yapunguze deni kwa robo. Kwako wamerefusha mara 6 bila kupunguza chochote. Angalia anwani ya duka kama iko ndani ya mipaka ya jiji, kwa sababu mengine yalihamia ng'ambo ya mstari. Kama iko ndani, piga 311, namba ya huduma za jiji, na risiti mkononi. Kisha peleka malalamiko kwa OCCC, ofisi ya jimbo inayotoa leseni kwa maduka haya.

Shikamoo. Mume wangu ni mwanajeshi Fort Stewart, tunakaa Hinesville, Georgia. Tumeweka gari letu rehani miezi 2 iliyopita kwa dola 800, kwa jina langu, si lake. Nimesikia wanajeshi wana sheria yao. Inanihusu mimi niliyesaini? (Mke wa askari)

Marahaba. Ndiyo, inakuhusu. Bunge la Marekani lilipitisha sheria hiyo mwaka 2006 baada ya maduka ya mikopo kujipanga kwenye milango ya kambi za jeshi. Inamlinda askari aliye kazini, mke au mume wake, na wategemezi wake. Gharama zote za mkopo zisizidi asilimia 36 kwa mwaka, na duka kama hilo haliruhusiwi kabisa kuchukua taito ya gari lenu kama dhamana. Mkataba uliovunja sheria hii ni batili tangu siku uliposainiwa, hata kama karatasi yake inasema rehani.

Usiende kubishana nao peke yako kwenye kaunta. Ndani ya kambi kuna ofisi ya msaada wa kisheria, bure kwa familia za askari. Nendeni wote wawili na mkataba, risiti za miezi 2, kadi ya kijeshi ya mumeo na ya kwako. Kama walikuuliza siku ile kama una uhusiano na jeshi na ukajibu hapana, mwambie wakili wazi kabla hajaanza kuandika barua, asije akalisikia kwanza kutoka upande wa duka.